Bonde la Saa Nne na Dakika Kumi

Kila siku ya kazi, ikifika saa nne na dakika kumi asubuhi, mstari wa kijani kwenye skrini ya Jicho ulianguka. Tangu asubuhi unakwenda umenyooka, huna la kuulaumu, halafu ghafla unaporomoka mpaka karibu na chini kabisa, unakaa huko dakika kumi na moja, kisha unapanda na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Jicho aliupa mporomoko huo jina la bonde, na kwa wiki sita sasa bonde hilo lilikuwa limemnyima raha.

Jicho halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alilipata kazini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama. Taasisi ile ya utafiti ilikuwa na majengo matano, chumba kimoja cha kompyuta kubwa zinazovuma kutwa kucha, na nyaya zilizopita chini ya ardhi kutoka jengo hadi jengo. Yeye alikaa mbele ya skrini tatu akiangalia kama mashine zinakwenda inavyopasa, kama data zinafika, kama kuna mahali pamekwama, ili mtafiti asije akapoteza kazi ya miezi kwa hitilafu ambayo mtu angeweza kuiona mapema. Kuna wanaofuga kuku, kuna wanaofuga mbwa. Jicho alifuga grafu, na kila moja aliijua tabia yake.

Kusema kweli, bonde lile alilipenda kidogo. Hitilafu za kawaida huja ovyo ovyo, leo asubuhi, kesho jioni, kesho kutwa hazipo. Hii ilikuja kwa miadi, dakika ile ile, na mtu mdadisi akishaona kitu kinachotunza wakati namna hiyo hawezi kukiacha kipite hivi hivi. Angependa kulichunguza taratibu, kikombe cha chai mkononi, hata mwezi mzima. Jumatatu moja akanyang'anywa nafasi hiyo.

Mkuu wa kitengo chao aliitwa Asilimia, nyuma ya mgongo wake bila shaka, kwa kuwa hakuna jambo aliloweza kulielewa mpaka ligawanywe kwa mia. Siku hiyo aliwaita ofisini kwake watu watatu: Jicho, fundi wa nyaya, na Daktari wa Nyuki. Huyu wa mwisho hakuwa akitibu nyuki. Alikuwa mtafiti mwenye udaktari wa kusomea, na kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za mizinga iliyokuwa kwenye kituo cha mbali, apate kujua nyuki wanavuma vipi siku chache kabla ya kuhama. Sauti zilifika moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta, zikapita kwenye kebo ya faiba, nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, iliyolazwa chini ya ardhi, zikatokea Jengo la Nyuki, ambako alizisikiliza kwa spika ndogo mezani kwake.

"Nyuki wangu jua likishapanda ndipo wanachangamka," alilalamika. "Nami natega sikio. Halafu kimya! Wiki sita sasa, kila siku mnanikata katikati ya umbea."

Asilimia akageuza kompyuta yake, ikaonekana grafu ya Jicho: mstari wa kasi na bonde lake, na chini yake mstari wa matumizi. "Mnaona? Matumizi ya watafiti wakati huo ni asilimia sita tu ya uwezo wa kebo. Sita! Kebo ni tupu, na bado inasuasua. Gari halina mzigo na kilima halipandi, basi gari ni bovu. Nani aliilaza kebo hii?"

Alijua nani aliilaza. Watu wote wa pale walijua, hata mfagiaji.

"Mimi," akasema fundi wa nyaya.

Taasisi nzima ilimwita Mjomba, kwa heshima ya umri na kwa sababu alikuwa mtu wa watu. Kwa Jicho alikuwa mjomba wa kweli, kaka wa mama yake, toka nitoke. Jicho alikulia nyumbani kwake tangu darasa la tano, na ni yeye aliyemfundisha kushika bisibisi na kuuliza swali moja kwa kila kifaa kilichokufa: wewe, nini kilikuua? Miaka minane iliyopita, kabla mpwa wake hajaajiriwa pale, Mjomba alikuwa amechimba mtaro wa kwenda Jengo la Nyuki, akavuta kebo mita mia nne, akaiunga mahali patatu kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi Ijumaa saa nne tunakutana hapa hapa," Asilimia akasema. "Jicho ataleta vipimo vya wiki nzima. Kama hali ndiyo hii, tutaita watu wa nje waifukue kebo yote waanze upya. Na wewe Mjomba, miezi minne iliyokubakia kabla ya kustaafu utaimalizia stoo, ugawe kibodi. Sababu itaandikwa kwenye faili lako."

Mjomba akaangalia viganja vyake. Katika miaka thelathini ya kazi, hakuna kebo yake hata moja iliyowahi kufukuliwa na mtu mwingine, na hilo ndilo jambo pekee alilowahi kujisifia mbele ya watoto wake. Jicho alimtazama akisimama, akirudisha kiti mahali pake polepole, na roho ikamuuma vibaya sana. Ni grafu yake yeye iliyokuwa inamhukumu.

Akaapa kwamba mpaka Ijumaa atakuwa amejua bonde lile linatoka wapi. Na yeye, kama mpimaji yeyote, alijua njia moja tu ya kujua jambo, nayo ni kupima zaidi.

Kipimo, kwa lugha ya kazi yao, kilikuwa programu ndogo iliyomwaga data nyingi kwenye kebo kwa muda mfupi, ione zinapita kwa kasi gani. Kikipata jibu baya, hurudia mara kadhaa kwa uhakika. Pale kwenye taasisi kulikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyekumbuka yalianzaje: mtafiti akilalamika, anaongezewa kipimo chake. Anafurahi, anaona amesikilizwa. Kuondoa kipimo hakuna aliyewahi, maana ungekuwa kama unamwambia mwenzako kelele zake zimekuchosha. Jengo la Nyuki peke yake, pamoja na watafiti wa udongo na watafiti wa mvua waliokuwa ghorofa ya juu, lilikuwa na vipimo saba. Na kutengeneza kipya ilikuwa kazi ya dakika tano: unachukua cha zamani, unakinakili, unabadilisha jina, basi.

Jumanne asubuhi na mapema Jicho akatengeneza vinne vipya. Kimoja mpaka kiungo cha kwanza cha kebo, kimoja cha pili, kimoja cha tatu, na kimoja mpaka mezani kwa Daktari kabisa. Akakunja mikono, akasubiri. Saa nne na dakika kumi mstari ukaanguka kama kawaida yake, lakini safari hii ulikaa chini dakika kumi na sita.

"Mungu wangu," alijisemea. "Inazidi kufa."

Alimfuata Mjomba uani. Alimkuta amepiga magoti kando ya shimo la kukagulia nyaya, kifuniko cha zege kimewekwa pembeni, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Umeniletea habari, au umekuja kuangalia ninavyozeeka?"

"Bonde limerefuka. Leo dakika kumi na sita."

Mjomba akakaa kitako kwenye nyasi. "Nimepiga mwanga toka kule mpaka hapa, unapita bila shida. Kiungo cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu ndiyo usiseme, ukikiangalia huwezi kujua kama paliwahi kukatwa. Hebu niambie wewe msomi wetu. Waya unajua saa?"

"Unajuaje saa, mjomba?"

"Ndiyo nakuuliza! Waya ukiharibika umeharibika. Asubuhi mbovu, mchana mbovu. Kama umeingia maji, utasumbua mvua ikinyesha. Huu wako unasubiri saa nne na dakika kumi, unaugua, halafu unapona wenyewe bila dawa. Waya gani huo, umevaa saa ya mkononi?"

Jicho akacheka, kicheko cha nusu. Swali lilikuwa zuri, na lau angelishika pale pale hadithi hii ingeishia uani. Lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa namba mpaka pomoni. Akatoa simu, akamwonyesha grafu.

"Tazama mwenyewe. Hakuna mtu anayeitumia kebo wakati huo, na bado kasi inaanguka. Natamani namba ziseme kitu kingine, mjomba. Hazisemi."

Mjomba akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda. "Namba zako huwa hazidanganyi," akasema polepole. "Mimi mwenyewe ndiye ninayewatangazia watu hivyo."

Jumatano wakaja wapaka rangi. Walikuwa na ratiba yao tangu mwezi uliopita, na hawakuwa watu wa kubembelezwa: kompyuta ya kupimia ikazimwa saa mbili asubuhi, ikafunikwa nailoni pamoja na meza yake, na Jicho akafukuzwa chumbani mpaka saa saba. Alinung'unika sana. Bado siku mbili tu, na moja yake inaliwa na watu wenye brashi! Kwenye grafu pangebaki pengo jeupe, asubuhi nzima bila habari.

Lakini asubuhi ile mambo yalikuwa yametokea. Saa kumi na mbili, kabla watu hawajaingia kazini, Mjomba alikuwa ameshuka kwenye shimo la mwisho, akakikata kile kiungo chake cha tatu, kile cha kujivunia, akakiunga upya. Na saa tano Daktari wa Nyuki akampigia simu akishangilia mpaka sauti ikamkauka. Nyuki wamevuma asubuhi yote, hawajakatika hata mara moja.

Jicho aliipata habari hiyo kwenye korido yenye harufu ya rangi. Kwanza alifurahi, akataka kuruka. Kisha akaelewa maana yake, na furaha ikamwisha: kama kuunga upya ndiko kulikoponya, basi kiungo kilikuwa kibovu kweli. Mjomba naye alielewa hivyo hivyo. Mchana wake akachukua karatasi yenye mistari, akaandika kwa kalamu kwamba kiungo cha tatu kilikuwa na udhaifu, kwamba ni kazi ya mkono wake, na kwamba anaomba radhi. Akaiweka mezani kwa Asilimia, akatoka.

Alhamisi Jicho akaongeza vipimo viwili vingine, ili Ijumaa aweze kuonyesha jinsi kebo ilivyopona. Saa nne na dakika kumi mstari ukaanguka. Ukakaa chini dakika kumi na tisa.

Mjomba mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake wakati ule. Alikuwa amekuja kutazama, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kuingia chumba cha skrini. Alisubiri mpaka dakika zote kumi na tisa zikaisha.

"Kwa hiyo nimekiharibu tena," akasema.

"Mjomba, tusubiri kwanza—"

"Mkono umekwisha, mama. Mtu huwa haambiwi siku ya mkono kwisha." Akavaa kofia yake, akaenda kuomba ruhusa, na kabla ya saa sita alikuwa ameshaondoka.

Jicho alibaki ameshika tama. Alitaka kulia, na pengine angelia, lakini udadisi wake ulikuwa na kiburi chake, haukujali mwenyewe ana huzuni au hana. Ulianza kumkuna. Kama kiungo kiliungwa vibaya asubuhi ya Jumatano, mbona Jumatano yenyewe mambo yalikwenda vizuri, yakaja kuharibika Alhamisi? Kiungo kibovu hakina siku ya mapumziko. Waya unajua saa? Sasa unajua na kalenda?

Akavuka uani mpaka Jengo la Nyuki.

Daktari alikuwa mezani na spika yake, na ofisi nzima ilikuwa inavuma. Mbele yake kulikuwa na daftari la jalada gumu. Mtu huyu, pamoja na mashine zote za taasisi, alikuwa anaandika kwa mkono kila alichosikia.

"Daktari, samahani. Unaandika pia nyuki wanapokatika?"

"Mdogo wangu, mimi naandika hata ninapopiga chafya, maana nisipoandika nitakuja kudhani ni nyuki." Akamsogezea daftari. "Wiki zote sita zimo humo."

Jicho akafungua kompyuta yake ndogo, akaiweka grafu kando ya daftari, akaanza kulinganisha siku kwa siku kwa ncha ya kidole. Jumatatu, bonde kwenye grafu, kimya kwenye daftari. Jumanne vilevile. Aliendelea hivyo wiki ya kwanza, ya pili, mpaka Jumanne ya wiki ya tatu kidole kikasimama. Daktari alikuwa ameandika: *Leo hawakukatika. Ajabu.*

"Siku hii ilikuwaje?"

"Sijui. Nilishukuru tu, nikanyamaza. Mtu akikupa zawadi humuulizi maswali."

Jicho akatafuta Jumanne ile kwenye grafu yake. Palikuwa na pengo jeupe. Alilikumbuka pengo hilo: soketi ya chumbani kwake ilikuwa imeungua, kompyuta ya kupimia ikakaa bila umeme nusu siku. Siku hiyo Mjomba hakugusa kiungo chochote. Alikuwa likizo.

Akaangalia siku zote thelathini. Daftari la Daktari lilikuwa na siku mbili njema tu, Jumanne ile na jana. Grafu yake ilikuwa na mapengo mawili tu, Jumanne ile na jana. Siku zote alikuwa akiyaruka mapengo hayo kama mahali pasipo na habari, kumbe habari yenyewe ilikuwa pale.

"Vipi?" Daktari akauliza. "Umebadilika uso."

"Usizime spika," Jicho akasema. "Na usiende popote. Nitakupigia simu."

Alirudi chumbani kwake karibu anakimbia. Akafungua orodha ya vipimo vyote vya Jengo la Nyuki, kumi na tatu, na safari hii hakusoma majina wala majibu. Alisoma saa ya kuanza. Cha kwanza kabisa, kilichowekwa na mtu aliyeacha kazi kabla yake, kilikuwa kimepangiwa saa nne na dakika kumi. Cha pili kilinakiliwa kutoka cha kwanza: saa nne na dakika kumi. Cha tatu. Cha sita. Cha saba aliweka mwenyewe, wiki sita zilizopita, watu wa mvua walipolalamika. Vinne vya Jumanne, viwili vya leo asubuhi. Kila aliyenakili alibadilisha jina, hakuna aliyegusa saa.

Hata hivyo, kama vilikuwa vinapita kwenye kebo, mbona grafu ya matumizi ilionyesha asilimia sita? Akaingia kwenye mipangilio ya grafu, na huko akakikuta kisanduku kidogo chenye alama ya tiki: *usionyeshe data za vipimo*. Tiki ile aliiweka yeye, kwa mkono wake, miaka mitatu iliyopita. Asilimia alikuwa amesema hataki uchafu kwenye ripoti. Tunapima kazi za watafiti, hatujipimi wenyewe. Na yeye aliona ni jambo la maana, akatii, akasahau.

Akapiga simu. "Daktari, wanavuma?"

"Wanavuma."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana, wakati ambao mstari haujawahi kuanguka. Jicho akaamuru vipimo vyote kumi na tatu vianze kwa pamoja.

"Wamekatika!" Daktari akapaza sauti. "Umefanya nini?"

Akavisimamisha.

"Wamerudi. Mdogo wangu, unafanya nini huko?"

Akaanzisha kimoja peke yake. Nyuki hawakushtuka, na kipimo kikamaliza kazi yake, kikaleta jibu: kasi kamili, kama siku kebo ilipolazwa. Akaanzisha viwili, vitatu. Kwenye cha saba sauti ikaanza kukwaruza. Alirudia mara nne, akawasha, akazima, na kwa dakika chache alikuwa na raha isiyo na kifani, raha ya mtoto aliyegundua swichi ya taa. Ilikuwa kama watu kumi na watatu wa nyumba moja, kila mmoja anataka kujua kama maji yanatoka kwa nguvu, wote wanafungua mabomba yao dakika ile ile, kisha wote wanalalamika kwamba maji ni haba. Na kwa kuwa kila kipimo kilichopata jibu baya kilirudia, walikuwa wanafungua tena na tena.

Ndipo raha ikamtoka. Hakuna bonde. Hapakuwahi kuwa na bonde. Alilichimba mwenyewe, na kila alipohangaika kumwokoa mjomba wake alilichimba zaidi.

Akampigia Mjomba. Simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Angeweza kwenda nyumbani kwake, si mbali, lakini tuseme ukweli, alikuwa na haya, na uso wa kumtazama nao hakuwa nao. Akajiambia kwamba Mjomba alilaumiwa mbele ya watu, basi na asafishwe mbele ya watu. Hiyo ilikuwa sababu nzuri, na nusu yake ilikuwa woga.

Kulikuwa na njia rahisi zaidi, na haikukosa kumpitia kichwani. Afute vipimo kumi na viwili, abakize kimoja. Kesho mstari ungenyooka, Asilimia angesema kebo imepona, wafukuaji wasingeitwa. Hakuna ambaye angejua. Lakini ile barua ya karatasi yenye mistari ingebaki kwenye faili, na Mjomba angestaafu akiamini kwamba mkono wake ndio uliokosea. Jicho akaacha vipimo vyote kumi na tatu kama vilivyo.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano watu walikuwa wameketi. Mjomba alikuja amevaa shati la kupigwa pasi, kama mtu anayekwenda msibani. Daktari wa Nyuki alibeba spika yake kifuani, akaiweka katikati ya meza, akaiunganisha na mtandao wa jengo lake kwa kompyuta aliyokuja nayo, na ofisi ya Asilimia ikajaa mvumo.

"Hii nayo ya nini?" Asilimia akauliza.

"Ni shahidi," Jicho akasema. "Bosi, naomba dakika chache. Tusikilize tu."

Wakasikiliza. Ni sauti ya ajabu ile ukiisikia kwa karibu, si kelele moja, ni nyingi zilizopandana, na Jicho aliona hata Asilimia ameinamisha kichwa kidogo. Saa nne na dakika tisa. Saa nne na dakika kumi. Sauti ikakwaruza, ikakatika.

Macho yote yakamgeukia Mjomba. Yeye aliangalia meza.

Jicho akafungua kompyuta yake, akabonyeza mara moja. Nyuki wakarudi. Akabonyeza tena, wakakatika. Akabonyeza, wakarudi.

"Ni vipimo vyangu," akasema. "Viko kumi na tatu, vyote vinaanza dakika moja. Vinajaza kebo vyenyewe, halafu vinaripoti kwamba kebo ni nzito. Grafu haikuvionyesha kwa sababu mimi nilivificha. Kipimo kimoja kikiachwa peke yake kinaleta kasi kamili. Kebo ni nzima. Viungo vyote vitatu ni vizima, na kile cha tatu kilikuwa kizima hata kabla hakijakatwa. Mwenye kosa ni mimi."

Asilimia alirudisha macho kwenye grafu. Pengine alikumbuka ni nani aliyeomba vifichwe. "Asilimia ngapi ya—" akaanza, kisha akaacha, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Akavuta droo, akatoa karatasi yenye mistari, akamsogezea Mjomba. "Hii chukua, mzee. Sijaiweka faili. Na samahani."

Mjomba akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Akaomba Daktari aongeze sauti kidogo, akasikiliza nyuki wakipita kwenye mita mia nne za mtaro wake, kisha akaaga.

Jicho alimkimbilia kwenye korido. Rangi mpya ilikuwa bado inanuka. "Mjomba, nisamehe. Nimekuumiza siku nne nzima."

"Umekwisha kusema mbele ya watu. Wengi wangenyamaza."

"Lakini wewe ulijua. Ulisema tangu Jumanne, pale uani. Waya haujui saa. Ulijua kabisa! Kwa nini ukakikata kiungo kizima? Kwa nini ukaandika barua?"

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akamtazama mpwa wake vizuri.

"Nilijua," akasema. "Lakini wewe ulisema sivyo, mama. Na mimi nakuamini wewe kuliko ninavyouamini mkono wangu."

Akamshika bega kidogo, akaenda kurudishia kifuniko cha shimo.